Maksai Arukapo Chini ya Nira

Mazungumzo yetu haya ni juu ya jambo ambalo wenye wanyama wa kazi hulijua vema, nalo huwatia hasira na hasara. Mnyama mpole, aliyefunzwa kazi akaizoea, hufanya kazi yake siku nyingi bila ya neno. Kisha siku moja huinamisha kichwa, akaruka, akarusha mateke, akakata kila kamba aliyofungwa. Kesho yake yu mtulivu, kana kwamba halikutokea jambo. Katika nchi za farasi watu huuliza habari hiyo juu ya farasi amwangushaye mpandaji wake mara moja moja. Katika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa farasi ni mgeni, kwa kuwa nchi za chini zenye joto na majimaji huwa na visubi waenezao maradhi yake makali, na penye mbung'o farasi hadumu. Walakini swali lenyewe lipo, maana maksai wapo.

Aliyepita katika bonde la Kyela mwanzo wa mvua amewaona, wawili wawili chini ya nira, wakikokota plau katika mashamba ya mpunga. Bonde hilo lina milima ya Rungwe upande wa kaskazini na safu ya Livingstone upande wa mashariki, na mto Songwe ni mpaka na Malawi. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka humo ikileta udongo mzito, na mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Ndiyo sababu mpunga hustawi huko, na mchele wa Kyela ukapata sifa ya harufu nzuri katika Tanzania nzima. Lakini udongo huo haumngoji mtu. Ukiwa mkavu ni mgumu kama tofali. Mvua zikizidi, maji hutuama na miguu ya ng'ombe hudidimia. Kati ya nyakati hizo mbili majuma ya kulima ni machache. Basi maksai mmoja akikataa nira katika majuma hayo, mwenzake naye hukaa bure, na nyumba nzima hupungukiwa na chakula cha mwaka. Tena kijana aongozaye ng'ombe huweza kuvunjwa mguu. Na mwisho wa habari mara nyingi ni fimbo, kisha mchinjaji.

Kabla ya kufika huko, yatupasa kufikiri. Watu husema, "Maksai huyu ni mkaidi." Neno hilo halielezi kitu. Ukaidi kama ungekuwa ndiyo tabia yake, angeruka kila siku. Mnyama arukaye mara moja moja ana sababu ijayo na kuondoka. Basi kule kutofuatana kwa siku, ambako humchanganya mwenye mnyama, ndiko kumpako njia ya kutafuta. Asiulize tu, "Kwa nini ameruka leo?" Aulize pia, "Kwa nini hakuruka jana?" Kati ya jana na leo kuna kitu kilichobadilika, na kitu hicho ndicho twakitafuta. Nacho hupatikana katika mojawapo ya mahali patatu: katika mwili wa mnyama, katika vyombo afungwavyo, au katika kazi yenyewe.

Tuanze na mwili. Akaguliwe asubuhi kabla ya kazi, akiwa amepumzika, amefungwa kwa kamba fupi, na mtu anayemzoea amshike kichwa. Mkono upite pole pole kutoka nyuma ya pembe, shingoni, mbele ya nundu ambapo nira hukaa, mabegani, na mgongoni hata mkiani. Mahali penye maumivu ngozi hutetemeka, au mgongo huzama, au mnyama hugeuza kichwa kuutazama mkono. Mkono na urudie mara ya pili na ya tatu. Atetemekaye mara moja huenda ameshtuka tu. Atetemekaye kila mara mahali pale pale anaumwa.

Shingo ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ngozi ikilowa kwa mvua hulainika, na nira ikiisugua huchubuka upesi. Lakini si kila kidonda huonekana kwa macho. Huenda ngozi ni nzima, ila chini yake pana uvimbe wenye moto, na mkono huujua kabla ya jicho. Katika nchi ya mvua nyingi kuna tena ugonjwa wa ngozi ambao vijidudu vyake husitawi ngozi iloweapo: nywele hushikamana vichunga vichunga kama za brashi, chini yake ni magaga, na magaga yakibanduka hubaki nyama nyekundu. Kupe huuzidisha ugonjwa huo. Mnyama wa namna hiyo hutulia nira ikiwa mbali na magaga, na huruka ikiteleza juu yake.

Baada ya shingo yaja masikio, macho na kwato. Kupe hujificha ndani ya sikio na chini ya mkia. Jicho lenye ukungu humfanya mnyama asione upande mmoja, hata akaruka kila ajiwapo ghafula kwa upande huo, na kwa upande wa pili asiruke kamwe. Kwato ziinuliwe moja moja, zioshwe, zitazamwe katikati ya vidole, maana matope ya siku nyingi huzilainisha na kuziozesha, na mwiba au kijiwe hukaa humo pasipo kuonekana. Ng'ombe mwenye ubovu wa kwato huenda vizuri katika tope laini, akaruka afikapo kwenye njia ngumu. Mtu aonaye kuruka tu, asitazame ardhi, atasema mnyama hana sababu.

Kuna na maumivu ya ndani. Ng'ombe hachagui chakula chake kwa midomo kama mbuzi. Huzoa majani kwa ulimi, na msumari au kipande cha waya kilichomo hukimeza. Chuma hicho huweza kutoboa tumbo. Mnyama huyo hukunja mgongo, hutenga viwiko vyake na mbavu, na huguna ateremkapo mtelemko, kwa sababu hapo uzito wa tumbo husukumwa mbele. Tena kuna homa zipandazo na kushuka, kama ile ya ndorobo iletwayo na mbung'o, ambayo siku moja mnyama huwa hoi na siku nyingine huonekana mzima. Joto la mwili wa ng'ombe mzima aliyepumzika ni nyuzi 38.5 za sentigredi au karibu yake, likipita 39.5 asubuhi kabla ya kazi, mnyama huyo asifungwe nira, na Bwana Mifugo apewe habari.

Mwisho wa kukagua mwili, tuwatazame wadudu. Pange na nzi waumao huzidi saa za jua kali, na maksai arukaye saa sita asiruke saa moja asubuhi huenda anawakimbia hao. Wale nzi wadogo wainukao ziwani kama moshi mkubwa, hao hawaumi, wala wasishtakiwe.

Mwili ukionekana safi, tugeukie vyombo. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako, na kwa mnyama wa kazi nguo zake ni nira, kamba na mnyororo. Nira na ipitishwe mkono upande wa chini, mahali pagusapo shingo: pasiwe na kifundo, ufa, wala ukingo mkali. Vijiti vya nira vikikaribiana mno hubana shingo. Vikiachana mno nira huyumba na kusugua. Kamba ya koo ikifupishwa mno hukaba pumzi. Ikilegezwa mno nira huruka na kupiga nundu. Mnyororo nao una kosa lake. Ukiwa mfupi, plau huja karibu na miguu ya nyuma, na wakati wa kugeuka mwishoni mwa shamba chuma hugonga visigino. Maksai huyo hataruka katikati ya shamba hata mara moja. Ataruka penye kugeukia tu.

Tutazame pia upande asimamao. Plau za kawaida hupindua udongo upande wa kuume, na maksai wa kuume hutembea ndani ya mfuo uliokwisha limwa. Mfuo ukiwa na kina cha sentimita 15, yeye yu chini ya mwenzake kwa kipimo hicho, na nira huinama upande wake. Kama yeye ni mfupi kwa maumbile, tofauti huongezeka. Mnyama atuliaye upande wa kushoto na kuruka upande wa kuume ametupa jibu, imebaki kulisikia.

Jambo la tatu ni kazi yenyewe. Ng'ombe wa kazi, akikokota kwa saa nyingi, huweza kuvuta nguvu iliyo kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili wake. Maksai wa kilo 300, basi, huvuta kama kilo 30, na wawili huvuta kama kilo 60. Udongo mzito wa mfinyanzi, plau ikizamishwa sana, huweza kutaka kilo 100 au zaidi. Kwa muda mfupi wanyama watajikaza. Kisha mmoja atalala chini, au ataruka ajiokoe. Hapo hakuna ugonjwa wala ukaidi. Pana hesabu tu. Dawa yake ni kupunguza kina cha plau, au kuongeza jozi ya pili, au kungoja udongo ulainike, au kuacha kazi mapema kabla ya jua kali.

Sababu zikiwa nyingi hivyo, mtu atajuaje iliyo yake? Njia ni kuandika na kubadili jambo moja moja. Achukue daftari, na kila siku ya kazi aandike mambo machache: kama mnyama aliruka au la; saa gani; mahali gani pa shamba; alikuwa upande gani; mvua ilinyesha lini; nani alifunga nira; na kazi ilikuwa imechukua muda gani. Siku za utulivu ziandikwe sawasawa na siku za fujo, kwa maana siku za utulivu ndizo zitoazo ushahidi. Wala asisahau kumwuliza mtoto mchungaji. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, waliandika kwamba kazi ya mtoto wa kiume ilikuwa kuchunga ng'ombe wa baba yake. Mtoto ashindaye na ng'ombe malishoni humjua achechemeaye, na ajitengaye na wenzake, kabla ya mwenye ng'ombe kujua.

Tena ajizuie asibadili mambo mengi kwa siku moja. Akibadili nira, kamba, upande na saa ya kazi kwa pamoja, na mnyama akatulia, hatajua ni lipi lililomtuliza. Ubora wa njia hii ulionekana huko Berlin, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20. Palikuwa na farasi aitwaye Hans, ambaye watu waliamini kuwa ajua hesabu, kwa kuwa alipoulizwa alipiga ukwato chini hata kufikia jawabu. Mtaalamu Oskar Pfungst alibadili jambo moja moja. Mara muulizaji alilijua jawabu, mara hakulijua. Mara farasi aliweza kumwona, mara alizuiwa asimwone. Mwaka wa 1907 alitangaza aliyoyaona: muulizaji asipojua jawabu, wala Hans halijui, na asipoonekana, Hans hukosa. Farasi hakuhesabu. Alitazama mwendo mdogo mno wa kichwa cha mtu, ambao mtu mwenyewe hakujua kuwa anaufanya. Kwetu hapa mna mafundisho mawili. Jambo moja likibadilishwa kwa zamu yake, siri hufunuka. Na mnyama huona na kusikia katika mwili wetu na vyombo vyetu mambo tusiyoyajua wenyewe.

Tutoe mfano, ili njia hii ionekane wazi. Tuseme mkulima wa upande wa Ipinda ana maksai wawili, mwekundu na mweusi, na mwekundu ndiye arukaye. Kwa siku 12 za kazi ameandika daftari, na mwekundu ameruka siku 4. Akitazama, aona kwamba siku zote 4 mvua ilinyesha. Wazo la kwanza ni matope, basi akagua kwato, ni safi. Wazo la pili ni ngurumo. Lakini siku moja kati ya hizo 4 haikuwa na ngurumo, na kila mara mnyama aliruka kama nusu saa baada ya mvua kuanza, si mara ile ile. Kisha aona siku nyingine 2 ambazo mvua ilinyesha usiku, shamba likajaa matope, na mwekundu hakuruka kabisa. Hapo asikimbilie kusema mvua haina neno. Aulize: kati ya mvua ya usiku na mvua ya wakati wa kazi pana tofauti gani?

Tofauti imo katika kamba. Kamba ya katani ikilowa hunenepa na kufupika. Mvua ikinyesha usiku, kamba huwa imekwisha fupika kabla ya kufungwa, na mtu huifunga kwa kadiri ya shingo ilivyo. Ikifungwa kavu, kisha mvua ikanyesha kazini, hufupika ikiwa shingoni, ikakaza koo kidogo kidogo, hata mnyama akose pumzi avutapo. Kwa nini basi mweusi haruki? Mkulima apima kwa mkono: chini ya kamba ya mweusi vidole vinne hupita, chini ya kamba ya mwekundu, mwenye shingo nene, hupita kimoja kwa shida. Sasa alegeze kamba ya mwekundu hata vidole vinne vipite, na asibadili neno lingine lolote. Nira iwe ile ile, upande ule ule, plau ile ile. Kisha angoje mvua. Ikinyesha kazini siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, mwekundu akatulia, mkulima ameipata sababu, wala hakutumia fimbo wala fedha.

Ajihadhari lakini na furaha ya mapema. Mnyama aliyekuwa akiruka siku 4 katika 12 huweza kukaa siku mbili au tatu za utulivu bila ya sababu kuondolewa. Ndiyo maana mkulima wetu alingoja mvua ya wakati wa kazi, asizihesabu siku za jua, ambazo mwekundu alikuwa mtulivu tangu hapo. Tena ajue kwamba maumivu hukumbukwa. Huenda kidonda kimepona na nira imerekebishwa, na bado mnyama akashtuka aionapo nira, kwa kuwa mwili wake unangoja maumivu yale. Huyo apumzishwe mpaka ngozi iwe imara, kisha arudishwe kazini kidogo kidogo: siku ya kwanza nira tupu, kisha gogo jepesi, ndipo plau. Akipigwa wakati huo, atajifunza kwamba nira na maumivu havitengani, na kazi yote itakuwa bure.

Ziko dalili ambazo hazingoji daftari. Mnyama apandaye hasira ghafula, akatokwa na mate mengi, akalia kwa sauti isiyo yake, au akashindwa kumeza, huenda ana kichaa cha mbwa. Mtu asimtie mkono kinywani, watoto waondolewe, na Bwana Mifugo aitwe siku ile ile. Na aliyeguswa na mate yake penye jeraha aoshe mahali hapo mara moja kwa maji mengi na sabuni, akaende hospitali pasipo kukawia. Vivyo hivyo mnyama mwenye malengelenge mdomoni na katika kwato asipelekwe kwa jirani wala mnadani, kwani huenda ni ugonjwa wa midomo na miguu, uenezao upesi. Na yule aonyeshaye dalili za waya tumboni asifanyishwe kazi hata aonwe na mtaalamu.

Yaliyosalia yamo mikononi mwa mwenye mnyama. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka wa 2008, lakini mlinzi wa kwanza wa maksai ni yule amfungaye nira asubuhi. Mnyama hana ulimi wa kusema, "Hapa panauma." Ana ngozi itetemekayo, mgongo ukunjamao, sikio lilalalo nyuma, na mwisho ana teke. Teke huja baada ya maneno yake mengine yote kupita bila ya kusikiwa. Basi jioni, nira iondolewapo, mkulima apitishe mkono wake shingoni mwa kila maksai kabla ya kwenda kuoga, na aandike alilolikuta. Kazi hiyo haimalizi dakika tano, nayo humwepusha mtu na kumpeleka kwa mchinjaji maksai mzuri, ambaye ubaya wake wote ulikuwa katika kamba iliyofungwa kwa mkono wa bwana wake.